Nasaba ya Wasio na Nasaba

Waingereza walipoitwaa Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, walihitaji liwali. Mji haukukosa watu wa kushika cheo hicho. Walikuwapo Waarabu wa asili ya Oman waliokwisha kuuzoea uliwali, walikuwapo Washomvi waliohesabu mababu zao mpaka Barawa, na walikuwapo matajiri ambao neno lao lilisikika hadi Unguja. Aliyeteuliwa ni Yahya bin Abdallah, ambaye mji mzima ulimwita Sheikh Ramiya. Huyu alizaliwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akaletwa pwani angali mtoto kwa njia ileile iliyoleta pembe za ndovu, akakulia utumwani katika nyumba ya Amur bin Suleiman al-Lamki, ambaye mwenyewe alipata kuwa liwali wa Bagamoyo.

Alipoachwa huru alianza na biashara ndogo ya samaki, kisha akaingia kwenye minazi na mashamba. Mchana alihangaikia riziki, usiku alisoma. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Bagamoyo alikwisha kuwa na chuo na wanafunzi wake, na watu walikuwa wakimjia kutoka mbali kumpa mkono, kwa kuwa alikuwa khalifa, yaani mwakilishi, wa tarika ya kisufi ya Qadiriyya.

Kwa mizani ya pwani ya wakati ule, mambo haya hayakutarajiwa. Mtu aliulizwa kwanza ni mtoto wa nani. Sharifu alikuwa na shajara iliyomfikisha kwa Bibi Fatma, Mwarabu alikuwa na kabila lake huko Oman au Hadhramaut, na mwungwana wa mji alikuwa na makaburi ya babu zake pale pale penye msikiti. Mtumwa aliyetoka bara hakuwa na cha kuonyesha. Hata kama alikuwa na ukoo mkubwa kwao, nani pwani angeujua, na nani angejali? Sheikh Ramiya hakuwa na shajara. Alikuwa na ijaza, yaani idhini ya maandishi kutoka kwa sheikh wake, na ndani yake mlikuwa na safu ya majina. Sura hii inahusu safu hiyo: ilianzia wapi, ilipita mikono ya kina nani, na ilifikaje kwa watu kama huyu muuza samaki wa Bagamoyo.

Wanatarika huiita silsila. Muridi anapoingia tarika huketi mbele ya sheikh, mkono ndani ya mkono, akatubia, kisha sheikh akamlakinia neno la tauhidi, yeye akalirudia. Baada ya hapo hupewa uradi wake. Katika Qadiriyya iliyozoeleka sehemu nyingi, uradi wa baada ya sala ni kusema La ilaha illa Llah mara 165. Hesabu hiyo haikuokotwa: ukizijumlisha herufi za neno hilo kwa hisabu ya abjadi unapata 165 kamili. Mambo yote hayo yangeweza kufanywa na mtu peke yake chumbani, akiwa na tasbihi na kitabu. Kinachoyafanya yawe tarika ni ule mkono. Sheikh aliupokea kutoka kwa sheikh wake, na huyo kutoka kwa wake, mpaka kwa Mtume Muhammad (S.A.W.). Mkono mmoja ukikosekana katikati, kilichobaki ni dua njema tu.

Tuifuate basi silsila ya Qadiriyya kama inavyosomwa kwenye ijaza nyingi. Kutoka kwa Mtume inakwenda kwa Sayyidna Ali, kisha Hasan al-Basri, kisha Habib al-Ajami, Daud at-Tai, Maaruf al-Karkhi, Sari as-Saqati, Junayd al-Baghdadi, Abu Bakr ash-Shibli, Abdulwahid at-Tamimi, Abul Faraj at-Tartusi, Abul Hasan al-Hakkari, Abu Said al-Makhzumi, ndipo inamfikia Sheikh Abdulqadir al-Jilani. Majina 14 ukihesabu ncha zote mbili, kwa muda unaozidi miaka 500.

Msomaji mwenye haraka huyaruka majina haya kama anavyoruka orodha ya wafalme. Ni hasara. Ukiwatazama mmoja mmoja utakuta ni watu wa sokoni kuliko watu wa ikulu. Habib al-Ajami alikuwa Mwajemi, na masimulizi yanasema alikuwa mla riba kabla ya kutubu. Maaruf al-Karkhi, aliyefariki Baghdad yapata mwaka 815, wazazi wake husemwa walikuwa Wakristo. Sari as-Saqati alipata lakabu yake kwa kuuza vikorokoro sokoni. Leo tungemwita mtu wa mitumba. Mpwa wake Junayd, aliyefariki mwaka 910 na ambaye karibu kila tarika duniani inamtaja, alikuwa na duka la hariri. Shibli ndiye aliyetoka kwenye utumishi wa serikali, na alipotubu aliacha kazi. Kwa hiyo safu yenyewe, hata kabla haijafika kwa Jilani, imejaa wageni, wafanyabiashara wadogo na watu waliosilimu au waliotubu ukubwani. Sharifu kwa damu ni wachache mno humo. Jambo hili halikusemwa waziwazi kwenye hadhara za Bagamoyo, lakini kila aliyesikiliza manakibu, yaani visa vya mawalii, yakisomwa alilijua.

Ipo pia njia ya pili. Ijaza nyingine zinamfikia Maaruf kwa kupitia Maimamu wa nyumba ya Mtume: Ali, Husein, Zainul Abidin, Muhammad al-Baqir, Jaafar as-Sadiq, Musa al-Kadhim, Ali ar-Ridha. Njia hii ni ya damu na mkono kwa pamoja, na ndiyo maana wengine huiita ya dhahabu. Silsila hizo mbili hukutana kwa Maaruf, halafu zikawa moja.

Sasa tufike penye swali ambalo wanahistoria huliuliza na wanatarika wengi hawalipendi. Je, safu hii iliandikwa lini? Hasan al-Basri alizaliwa mwaka 642, na Sayyidna Ali aliuawa mwaka 661. Hasan alikuwa kijana asiyefika hata miaka 20. Kuonana kwao kunawezekana, kwa kuwa Hasan alikulia Hijazi, lakini wanachuoni wa hadithi tangu zamani wamebishana kama alipokea chochote kutoka kwa Ali moja kwa moja. Na kuna ushahidi unaotatiza zaidi. Muuza vitabu mmoja wa Baghdad, Ibn an-Nadim, aliandika mwaka 987 kitabu chake kiitwacho Fihrist, orodha ya vitabu na waandishi wote aliowajua. Humo ameweka silsila ya Jaafar al-Khuldi, mwanafunzi wa Junayd, nayo ni ya zamani kuliko silsila zote za kisufi tulizonazo kwa maandishi. Inakwenda hivi: Junayd, Sari, Maaruf, kisha Farqad as-Sabakhi, kisha Hasan al-Basri, kisha Anas bin Malik, sahaba na mtumishi wa Mtume. Daud at-Tai hayumo, Habib al-Ajami hayumo, na Sayyidna Ali pia hayumo.

Hii ina maana kwamba katika karne ya 10, pale pale Baghdad, wanafunzi wa Junayd waliisoma safu yao kwa namna nyingine. Safu tunayoisoma leo ilipata sura yake baadaye, wakati jina la Ali lilipokuwa mlango ambao kila tarika ilitaka kuupitia. Kuna watakaosema hapo: basi ni uzushi mtupu. Sikubaliani nao. Kutoka Junayd kushuka chini, wengi wa watu hawa wanajulikana kwenye vitabu vya tarehe, na ualimu baina yao umeshuhudiwa. Sehemu ya juu ndiyo iliyojengwa kwa kurudi nyuma, kama koo zinavyofanya popote duniani: mababu watano wa karibu unawajua kwa majina na visa, na waliotangulia unawapanga kwa jinsi ukoo unavyotaka kukumbukwa. Anayeishika silsila kama hati ya mahakama atasumbuka. Iliandikwa na watu waliokuwa wakieleza wao ni wa nani.

Aliyeipa tarika jina lake alizaliwa Gilan, kusini ya Bahari ya Kaspi, mwaka 470 wa Hijria, ambao ni 1077 au 1078. Alifika Baghdad akiwa na miaka kama 18, mwaka 1095. Mwaka huohuo Imam Ghazali, mwalimu mkubwa kuliko wote wa mji huo, aliacha kiti chake katika madrasa ya Nidhamiyya akaondoka kutafuta utulivu wa moyo. Watoto wa madrasa za pwani wanaijua safari ya Abdulqadir kwa kisa kimoja: mama yake alimshonea dinari 40 ndani ya nguo, akamwusia asiseme uongo, wanyang'anyi walipouvamia msafara na kumwuliza ana nini, akawaambia ukweli, na mkubwa wao akatubu. Kisa hiki kimo katika manakibu ya Sheikh Abdulqadir yanayosomwa sana pwani, ambayo yalitungwa na Jaafar al-Barzanji wa Madina, katika karne ya 18. Ni Barzanji yuleyule wa maulidi. Kwa mkono wa mtu mmoja pwani imepata nusu ya usomaji wake wa sherehe.

Baghdad, Abdulqadir alisoma fikihi ya Hanbali. Mwalimu wake wa usufi alikuwa Hammad ad-Dabbas, muuza asali ya tende asiyejua kusoma wala kuandika. Hapo tena soko! Wanafunzi wengine wa sheria walishangaa kumwona mwenzao akikaa chini ya mtu huyo, na Hammad mwenyewe hakumlegezea. Alimpa maneno makali miaka mingi. Kisha Abdulqadir akatoweka kwa muda mrefu, akaishi kwenye magofu nje ya mji. Alianza kuhutubu hadharani mwaka 1127, alipokaribia miaka 50. Madrasa ya mwalimu wake wa fikihi, Abu Said al-Makhzumi, ikawa yake, na watu walipozidi kujaa ikabidi ipanuliwe mwaka 1134. Hotuba zake zilikusanywa katika al-Fath ar-Rabbani na Futuh al-Ghaib. Hazina mafumbo mengi. Anakemea wanafiki, anawaambia matajiri mali haitawafaa, anawaambia masufi wa maonyesho wavae nguo kama za watu wengine na wafanye kazi. Alifariki mwaka 1166.

Jambo la kukumbuka ni kwamba yeye hakuanzisha tarika kwa maana ya chama chenye makhalifa, bendera na matawi. Alikuwa mwalimu mwenye madrasa, na pembeni yake palikuwa na ribati ya wafuasi. Wanawe, miongoni mwao Abdulwahhab na Abdurrazzaq, waliendeleza kazi, na wanafunzi waliotawanyika Sham, Misri na Maghribi wakalichukua jina lake. Karne na zaidi baada ya kufa kwake, ash-Shattanawfi wa Misri, aliyefariki mwaka 1314, akaandika Bahjat al-Asrar, kitabu kilichojaa karama za sheikh, pamoja na kauli yake maarufu kwamba unyayo wake uko juu ya shingo ya kila walii. Wanachuoni kadhaa walikilaumu kitabu hicho kwa wingi wa miujiza yake. Lakini hata wakosoaji wakali wa masufi walimheshimu Jilani mwenyewe. Ibn Taymiyya, ambaye jina lake leo hutumika mihadharani kuzipiga tarika, aliandika sherehe ya sehemu za Futuh al-Ghaib na kumtaja mtungaji wake kwa adabu. Wahubiri wanaolipenda jina la Ibn Taymiyya wangefanya vyema kuisoma na sherehe hiyo.

Nasaba ya damu ya Jilani nayo ina hadithi yake. Wafuasi wake wanamhesabu sharifu kwa pande zote mbili, Hasani na Huseini. Mjuzi wa nasaba Ibn Inaba, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 15, alisema kwamba sheikh mwenyewe hakudai usharifu, wala wanawe hawakuudai. Aliyeudai kwanza ni mjukuu wake, kadhi Abu Salih Nasr. Ibn Inaba akaongeza kwamba jina la babake sheikh, Jangi Dost, ni la Kiajemi. Ubishi huo haujaisha. Kwa tarika, hata hivyo, haukubadili kitu, kwa sababu mtu haingii Qadiriyya kwa damu ya Jilani. Huingia kwa mkono wake.

Kaburi lake lilipita misukosuko. Wamongolia waliiangamiza Baghdad mwaka 1258. Shah Ismail wa Uajemi, Mshia, alipouteka mji mwaka 1508 kaburi liliharibiwa. Sultan Suleiman wa Uturuki alipouchukua mji mwaka 1534 akaamrisha lijengwe upya. Kizazi cha sheikh kikawa walinzi wa kaburi na viongozi wa masharifu wa mji, na nguvu yao haikuwa ya dini peke yake: mwaka 1920, Iraki ilipopata waziri mkuu wake wa kwanza chini ya Waingereza, alikuwa Abdurrahman al-Gailani, mzee wa ukoo huo.

Kwenye nyumba hiyo ndiko alikobisha hodi kijana kutoka Barawa.

Uways bin Muhammad alizaliwa Barawa mwaka 1847, mtu wa kabila la Tunni, si sharifu wala mtoto wa nyumba kubwa. Barawa wakati huo ilikuwa mji wa bandari wenye Kiswahili chake, Chimiini, na ulio chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar. Uways alisoma kwa masheikh wa mji, akahiji, akaenda Baghdad, na huko akapewa ijaza na Sayyid Mustafa bin Salman al-Jilani. Njiani kurudi alizuru kaburi la Sheikh Abdurrahman az-Zaylai, mkubwa wa Qadiriyya katika nchi ya Ogaden. Alifika Barawa mwaka 1883, akiwa na kitu ambacho masheikh wa mji walikuwa nacho kwa mbali tu: ijaza ya moja kwa moja kutoka kaburini kwenyewe. Safu yake ilikuwa fupi, na katika mambo ya silsila ufupi ni utukufu. Kadiri mikono inavyopungua kati yako na sheikh mkubwa, ndivyo watu wanavyokusogelea.

Muda si mrefu akawa anakwenda na kurudi Unguja. Sultan Barghash alimkaribisha, na baada yake Khalifa bin Said na Hamad bin Thuwaini. Masultani walikuwa Maibadhi, na Maibadhi hawana desturi ya tarika. Kwa nini basi wamfadhili sheikh wa Kisunni? Wafuasi wanasema ni karama zake. Mimi naona pia siasa: pwani ya Benadir ilikuwa ikiponyoka, Waitaliano walikuwa mlangoni, na sheikh mwenye kusikilizwa kuanzia Barawa hadi Mogadishu alikuwa rafiki wa kuwa naye. Sababu hizo mbili hazipingani.

Uways hakuwa Mqadiriyya wa kwanza Unguja. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, naye mzaliwa wa Barawa, aliyekuwa kadhi na mwanachuoni mkubwa wa mji, alikuwa na tawi lake. Tofauti ilikuwa katika namna ya kugawa. Al-Amawi alikuwa mtu wa vitabu na wa baraza ya Sultani. Uways alitoa ijaza kwa wingi, kwa Waarabu, Wangazija, Wasomali, na kwa watu waliotoka bara. Zikri yake ilikuwa ya wazi: watu wamesimama duara, mikono imeshikana, pumzi inatoka kifuani kwa sauti nzito, na asiyejua Kiarabu zaidi ya neno moja anaingia na kuwa sawa na mwenzake. Wanachuoni wa mjini wengine walikunja nyuso. Walisema ni kelele na kwamba sauti ile ni ya kukohoa, si ya kumtaja Mungu. Lugha hiyo ya dharau ilibaki, na Unguja mpaka leo utasikia watu wakitaja zikri ya kukohoa, wengine kwa kejeli na wengine kwa mapenzi.

Kutoka Unguja ijaza zilifuata njia za misafara. Tabora alikuwapo Sheikh Zahur bin Muhammad, mtu wa Barawa. Kutoka Tabora tarika ilifika Ujiji, kutoka Ujiji ikafika Rumonge na kandokando ya ziwa upande wa Burundi, na hatimaye ikaingia Manyema yenyewe. Njia ileile iliyomtoa Ramiya kwao akiwa mtoto ndiyo iliyorudisha silsila kwa ndugu zake aliowaacha. Kusini, Sheikh Isa bin Ahmad, Mngazija, alifanya kazi Lindi na kuifikisha tarika hadi Kisiwa cha Msumbiji. Nkhotakota, kando ya Ziwa Nyasa, palikuwa na khalifa mwanamke aliyetokea Unguja, Mtumwa binti Ali bin Yusufu, aliyewaingiza wanawake wengi katika tarika miaka ya 1920 na baadaye. Katika msikiti asingeweza kupanda mimbari. Katika silsila alikuwa na nafasi yake kama mwanamume yeyote.

Wajerumani waliyatazama haya kwa wasiwasi. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa walipoona mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ikisambaa pwani, ikionya kwamba Kiyama kimekaribia na kuwataka watu waachane na makafiri. Maofisa waliandika taarifa ndefu, wakawashuku watu wa tarika, wakawakamata baadhi. Walichokuwa wakikiogopa zaidi, nadhani, ni kile wasichoweza kukihesabu: watu wa makabila mbalimbali, Mmanyema, Myao, Mzaramo na Msomali, wote wakijiita wana wa sheikh mmoja wa Baghdad.

Hatari kubwa kwa Uways haikutoka kwa Wazungu. Katika nchi ya Wasomali, Sayyid Muhammad Abdille Hassan, kiongozi wa vita dhidi ya Waingereza, alikuwa mtu wa tarika ya Salihiyya. Wafuasi wake waliona kuwaomba mawalii waliokufa na kuyafanyia makaburi yao ziara ni kupotoka. Uways alijibu kwa mashairi makali, nao wakajibu kwa mashairi. Aprili 1909 wapiganaji wa Salihiyya waliivamia Biolay, makazi aliyokuwa ameyaanzisha, wakamwua pamoja na wanafunzi wake. Masufi ndio waliomwua Sufi mkubwa wa pwani, na kwa hoja ambayo leo watu wengi hudhani ililetwa juzi na wahitimu wa chuo kikuu cha Madina.

Mabishano hayakukoma. Malawi, Msumbiji na kusini mwa Tanzania waligawanyika watu wa sukuti, waliotaka jeneza lisindikizwe kwa kimya, na watu wa twaliki, waliolisindikiza kwa zikri. Misikiti ilitengana, ndoa zilivunjika, na mahali pengine maiti ilikaa ikisubiri wakubwa wapatane. Ndani ya Qadiriyya yenyewe kuna wanaopiga dufu na wasiopiga, na kila upande una hoja na vitabu.

Ni haki kusema kwamba Qadiriyya haikuwa peke yake katika kuwafungulia watu mlango. Lamu, Habib Saleh Jamalullail, sharifu wa asili ya Hadhramaut na mtu wa tarika ya Alawiyya, aliwafundisha watumwa na watoto wao pale Riyadha, na waungwana wa mji walimchukia kwa hilo. Hata hivyo Alawiyya ilibaki kwa kiasi kikubwa tarika ya ukoo. Uongozi wake ulifuata damu. Shadhiliyya ya Sheikh Muhammad Maarufu wa Ngazija ilienea kwa namna inayofanana zaidi na Qadiriyya, na inastahili sura yake. Lakini kwa Tanzania bara, Qadiriyya ndiyo iliyokusanya wengi kuliko zote, na sababu yake kubwa, kwa maoni yangu, ni ile iliyomfaa Ramiya. Damu mtu huzaliwa nayo, hawezi kuiomba. Ijaza huombwa, husomewa, hungojewa, na ikitolewa humpa mpokeaji mababu wa kiroho ambao liwali, sharifu na Mzungu hawawezi kumnyang'anya.

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931. Maulidi ya zawiya yake, yaani kituo chake cha tarika, yaliendelea kuwaita watu kutoka Dar es Salaam, Unguja na bara, na mwanawe Muhammad alirithi ukhalifa. Hapa pana jambo la kutabasamu: tarika iliyompa cheo mtu asiye na ukoo ilikuwa sasa inakwenda kwa mwana, kama ilivyofanya Baghdad kwa kizazi cha Jilani. Silsila ikikaa mahali muda mrefu hugeuka nasaba. Muhammad Ramiya aliingia chama cha TANU mapema na kuwa mmoja wa viongozi wake Bagamoyo, na muridi wengi wa babake walimfuata huko pia.

Tunayoyajua katika sura hii yamehifadhiwa na karatasi chache na vinywa vya wazee. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimekwisha kupigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, na Nyaraka za Zanzibar zina hazina ya miswada ya Kiarabu. Ijaza za Tabora, Ujiji, Lindi na Bagamoyo kwa sehemu kubwa bado zimo majumbani, kwenye masanduku na mikebe, na mchwa hawasubiri. Msomaji, kama babu yako aliacha ijaza, usiifunike kwa plastiki wala usiikunje upya. Ipige picha kurasa zote pamoja na migongo yake, andika ilikuwa ya nani na aliipokea kwa nani, kisha mpe nakala mwalimu wa madrasa au nyaraka zilizo karibu nawe. Fanya hivyo mwaka huu, wakati wanaoweza kuyasoma majina hayo bado wako hai.